Aina za Maneno: Tazama Kazi ya Neno Katika Sentensi

Sehemu ya matumizi ya lugha katika Karatasi ya Pili (102/2) ina alama 40, na kubainisha aina za maneno ni swali la mara kwa mara. Watahiniwa wengi huzijua aina zote nane: nomino, kitenzi, kivumishi, kiwakilishi, kielezi, kihusishi, kiunganishi na kihisishi. Hata hivyo, hupoteza alama kwa sababu wamekariri kila neno pamoja na aina moja tu. Kumbuka kwamba neno lilelile linaweza kuwa la aina tofauti. Kazi yake katika sentensi ndiyo huamua. Tumia majaribio yafuatayo.

1. Badilisha umoja na wingi
(a) Vitabu vizuri vimeletwa.
(b) Wanafunzi wanaandika vizuri.
Katika umoja, (a) huwa "Kitabu kizuri kimeletwa". Neno limebadilika kufuata nomino, kwa hivyo ni kivumishi. Sentensi (b) huwa "Mwanafunzi anaandika vizuri". Neno halikubadilika kwa sababu linaeleza kitenzi. Hapo ni kielezi.

2. Tafuta nomino inayovumishwa
(a) Mtoto huyu analia.
(b) Huyu analia.
Katika (a), "huyu" ni kivumishi kwa kuwa nomino "mtoto" ipo. Katika (b), nomino haipo na "huyu" limeshika nafasi yake, hivyo ni kiwakilishi.
Tanbihi: Usihadaike na mpangilio. Katika "Huyu mtoto analia", neno "huyu" limetangulia lakini bado ni kivumishi. Hali kadhalika, "kila" katika "kila mwanafunzi" ni kivumishi.

3. Chunguza upatanisho wa kisarufi
(a) Haraka haina baraka.
(b) Mgeni aliondoka haraka.
Katika (a), kiambishi "i" katika "haina" kinapatana na "haraka". Neno linalotawala upatanisho wa kitenzi namna hii ni nomino au kiwakilishi, na hapa "haraka" ni nomino kwa kuwa linataja jambo lenyewe. Katika (b), linaeleza jinsi mgeni alivyoondoka, hivyo ni kielezi.

4. Tazama neno linalofuata
(a) Mwalimu ameketi mbele.
(b) Mwalimu ameketi mbele ya darasa.
Katika (a), "mbele" ni kielezi cha mahali. Katika (b), "mbele ya" huonyesha uhusiano wa mwalimu na darasa, kwa hivyo ni kihusishi.

Umuhimu wake katika fasihi
Ujuzi huu utakufaa pia katika Karatasi ya Tatu. Linganisha maneno haya ya wahusika:
(a) Maskini amefukuzwa.
(b) Maskini! Amefukuzwa.
(c) Mtu maskini amefukuzwa.
Katika (a), "maskini" ni nomino: anatajwa mtu asiye na mali. Katika (c), ni kivumishi. Katika (b), ni kihisishi: msemaji anamwonea huruma aliyefukuzwa, ambaye huenda hata ni tajiri. Mwanafunzi asiyeiona tofauti hii anaweza kuandika kwamba mhusika anadhulumiwa kwa sababu ya ufukara, ilhali kinachodhihirika ni huruma ya msemaji. Hapo hoja ya maudhui na ya sifa za mhusika zote zimepotea. Usomapo tamthilia ya Bembea ya Maisha au riwaya ya Nguu za Jadi, zingatia alama za uakifishaji. Mara nyingi ndizo hukuonyesha kazi ya neno.

Zoezi
Bainisha aina ya neno lililotajwa.
1. Paka amelala ndani. (ndani)
2. Paka amelala ndani ya kikapu. (ndani ya)
3. Wengine hawajarudi. (wengine)
4. Wazazi wengine hawajarudi. (wengine)
5. Kusoma kwake kumemfaidi. (kusoma)

Majibu
1. Kielezi 2. Kihusishi 3. Kiwakilishi 4. Kivumishi 5. Nomino (tazama upatanisho wa "ku" katika "kwake" na "kumemfaidi")

Ukikosea swali lolote, usikariri jibu. Rudi kwenye jaribio linalohusika, kisha utunge sentensi mbili zako mwenyewe ukitumia neno hilo.