HESABU YA JIPE LA MAMA WATOTO



Somo la mara hii lilianzia kibarazani kwangu hapa Bwiza. Mwanachama wetu mmoja, fundi mashine aliyetumikia kiwanda miaka 22, alinijia jioni na karatasi mkononi. Kiwanda kilikuwa kimepunguza watu, naye amekwisha kulipwa haki zake za kuachishwa kazi, faranga milioni 14. Fedha hizo chama kilizipigania miezi saba. Ile karatasi ilikuwa picha ya Toyota Prado nyeupe, inayouzwa Japani. Akaniambia: "Ndugu katibu, nataka kumnunulia mama watoto."

Sikumcheka, nawe usimcheke. Mkewe alikuwa na meza ya vitenge katika Soko Kuu la Bujumbura, lile lililoungua tarehe 27 Januari 2013. Mali yote ilikwisha siku moja, deni la bidhaa likabaki. Mama huyo akaanza upya Ruvumera na furushi moja la mitumba, na kila mshahara wa kiwanda ulipochelewa ni furushi hilo lililolipa shule. Sasa mume alitaka kulipa fadhila hiyo mbele ya macho ya watu. Hilo ni jambo la heshima.

Wako viongozi wa vyama wanaosema kitu kizuri si cha mfanyakazi. Mimi sikubaliani nao. Tunafanya kazi ili tupate vitu vizuri. Wakubwa wenyewe wamevipenda siku zote: zamani watu waliwaita Wabenzi kwa ajili ya magari yao, na ndugu zetu wa Tanzania wakayaita majipe makubwa mashangingi. Lakini hata serikali huchoka kulipa. Mwaka 2009 huko Kenya, Waziri wa Fedha Uhuru Kenyatta aliwataka mawaziri warudishe magari makubwa na kupanda Volkswagen Passat ndogo, kwa sababu ya gharama. Ikiwa hazina ya nchi inahesabu lita, sisi je?

Basi tulichukua daftari. Mimi niliishia darasa la sita, na hesabu ya darasa la sita inatosha.

Bei iliyoandikwa chini ya picha ni bei ya gari likiwa bado Japani. Ongeza meli na bima yake mpaka bandari ya Dar es Salaam, kisha zaidi ya kilomita 1,500 za barabara mpaka hapa. Tuseme kwa mfano thamani inayotozwa kodi imefika dola 8,000. Ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa gari kama hilo ni asilimia 25, yaani dola 2,000. Tumefika 10,000. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18, nayo haihesabiwi juu ya zile 8,000 bali juu ya 10,000: unalipa kodi juu ya kodi. Ni dola 1,800. Jumla 11,800, bila malipo madogomadogo ya njiani na ya ofisini.

Ndugu yetu alikuwa ameandika 8,000 akapiga mstari chini yake.

Sasa zigeuze kuwa faranga. Mwanzoni mwa Mei 2023 dola moja benki ilikuwa kiasi cha faranga 2,080. Mwezi huohuo Benki Kuu ikaishusha faranga, dola ikapita 2,800. Dola 11,800 kwa bei ya kwanza ni faranga 24,544,000. Kwa 2,800 ni 33,040,000. Gari ni lilelile, magurudumu manne yaleyale, bei imepanda faranga 8,496,000 katika mwezi mmoja. Na mnajua wenyewe kwamba dola ya benki haipatikani kwa mtu kama sisi. Ile ya mitaani ina bei yake. Anayelipwa kwa faranga akanunua kitu cha dola, huyo anabeba hatari ambayo hakuitengeneza. Hatari hiyo haiishi siku ya kununua, maana kila pyesi itakayovunjika nayo inatoka nje kwa dola. Mafundi wa magaraji ya Buyenzi ni hodari, lakini fundi hatengenezi shoka-absoba kwa udongo.

(Kwa wale wa mashamba ya chai: mshahara wa chini uliowekwa na serikali mwaka 1988 ulikuwa faranga 160 kwa siku mjini Bujumbura na 105 vijijini. Gawanya 33,040,000 kwa 160. Ni siku 206,500 za kazi. Kwa siku 312 za kazi kila mwaka ni zaidi ya miaka 660. Watakapokuuliza kwa nini chama hakiachi kudai mshahara wa chini urekebishwe, waonyeshe mstari huu.)

Tukaja kwenye esansi. Gari zito la namna hiyo katika msongamano wa mjini hunywa kama lita 15 kwa kilomita 100. Gari dogo hunywa kama lita 7. Mama akizunguka kilomita 20 kwa siku, siku 26, ni kilomita 520. Jipe litataka lita 78 kila mwezi, gari dogo lita 36 na kidogo. Zidisha mwenyewe kwa bei ya pampu siku unaposoma. Nasi tuliopanga foleni kati ya 2022 na 2024, tukalala kituoni na kuamkia pampu kavu, tunajua kwamba siku nyingine swali si bei ila kuzipata. Namwelewa pia anayetaka gari. Tangu Machi 2022 pikipiki, tuktuk na baiskeli zilipokatazwa kuingia katikati ya mji, mama mwenye mzigo ameteseka sana kwa kungoja basi.

Pakabaki deni. Ana milioni 14, anahitaji 33. Akataka kukopa milioni 20, ili abaki na kidogo cha asiransi na karatasi. Hapa naomba msome polepole, kwa kuwa hapa ndipo wengi wetu tunapozama. Mkopeshaji akisema "asilimia moja na nusu kwa mwezi", muulize: juu ya nini? Ikiwa ni juu ya mkopo wote wa mwanzo mpaka mwisho, riba ni faranga 300,000 kila mwezi, na kwa miezi 48 ni 14,400,000. Ikiwa ni juu ya deni lililobaki, na kila mwezi unapunguza deni kwa kiasi kilekile, riba yote ni 7,350,000. Maneno ni yaleyale, tofauti ni milioni saba. Kwa namna ya kwanza angelipa kama 717,000 kila mwezi.

Nikamwuliza: "Zitatoka wapi, nawe kazi huna?" Akanyamaza, kisha akasema biashara ya mama ingesaidia. Na dhamana? Parseli ya nyumba.

Basi aliyepewa zawadi ndiye angeilipa, kwa mitumba yake, miaka minne, na akishindwa nyumba inakwenda. Nikamwuliza tena: jina la nani litaandikwa kwenye karatasi za gari? Akasema lake, ndiyo desturi. Nikafunga daftari, nikamwomba anipeleke kwa shemeji.

Shemeji alikuwa hajui lolote. Aliitazama picha muda mrefu, nikaona imempendeza. Kisha akauliza: "Litalala wapi? Mlango wa parseli yetu unapita mtu na beseni." Akamgeukia mumewe: "Baba, mimi nilitaka stoo yenye kufuli Ruvumera. Tangu ule moto sijalala usiku mmoja bila kufikiria mali yangu iko wapi." Mume akasema hakuwahi kuambiwa. Mke akasema hakuwahi kuulizwa.

Walichukua stoo, kodi ya mwaka mzima, wakamaliza deni la zamani, na sehemu iliyobaki iko koperative. Habari ya gari haijakwisha. Sasa wanatafuta Probox iliyotumika, ya kubeba mizigo, kwa jina la mama, bila mkopo. Mume anaona ni gari la taksi, linamdhalilisha mkewe, na ile picha ya Prado bado iko ukutani. Wanabishana kila Jumapili.

Kikao kijacho tutasoma mikataba ya mikopo. Kila mwenye deni alete karatasi yake, hata kama imeandikwa Kifaransa, na penseli.