Kuchambua Muziki wa Wengine ili Kujifunza Kutengeneza Wetu
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wako watu wengi wadhanio kwamba muziki unaotengenezwa kwa kompyuta hautaki kujifunza. Kwamba mtu hubonyeza kitufe, mashine ikapiga, naye akakaa tu. Maneno hayo nimeyasikia bwenini, na nimeyasikia nyumbani pia kwa baba yangu, asemaye kuwa muziki wa siku hizi hauna mpigaji. Nia ya makala hii ni kuwaonyesha wasomaji, na hasa wazazi wetu, kwamba kazi hiyo ina elimu yake, na kwamba mtu asiye na mwalimu aweza kuipata elimu hiyo kwa masikio, penseli na daftari. Tena iko haja ya karibu. Mwaka huu darasa letu limepewa ruhusa ya kupiga muziki siku ya mahafali, kwa sharti moja: usiwe muziki wa mtu mwingine. Basi imetupasa kujua mpaka uko wapi kati ya kujifunza kwa mtu na kumwibia.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba njia hii si ngeni hapa Morogoro. Tangu mwaka 1933 kampuni ya HMV ya Uingereza ilitoa santuri za muziki wa Kuba zenye alama ya GV, nazo zikapendwa sana katika Afrika. Vijana wa miji yetu hawakuwa na mwalimu kutoka Kuba. Mwalimu wao alikuwa santuri yenyewe. Mtu aliweka sindano, akasikiliza, akaiondoa, akaitafuta sauti ile katika gitaa, akarudia tena mpaka akaipata. Katika mji huu Salum Abdallah aliongoza bendi ambayo hata jina lake, Cuban Marimba, latuonyesha masikio yao yalielekea wapi. Lakini aliimba kwa Kiswahili, na mambo aliyoyaimba yalikuwa ya kwetu. Alifariki mwaka 1965. Wakati huo Mbaraka Mwinshehe alikuwa akianza kusikika katika Morogoro Jazz, bendi iliyokuwako tangu miaka ya 1940. Mwaka 1973 aliiacha akaunda Super Volcano, na mwaka 1979 akafa katika ajali ya gari huko Kenya. Kwa maoni yangu, anayetaka kujua namna vyombo vingi vinavyoweza kusema pamoja bila kugombana, na aanze na santuri za watu hawa kabla ya kugusa kompyuta. Kila gitaa lina kazi yake, na halimwingilii mwenziwe.

Sasa niingie katika kazi yenyewe. Kama mjuavyo, simu haziruhusiwi bwenini (viranja wanajua tuzifichapo, lakini hayo si ya gazeti hili). Sisi hutumia chumba cha kompyuta Jumamosi alasiri. Programu mbili zinatosha, nazo hazina malipo: Audacity ya kusikilizia na kukatia sauti, na LMMS ya kutungia.

Jambo la kwanza ni mwendo. Piga makofi kwa kufuata wimbo, hesabu makofi kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4; hayo ndiyo mapigo kwa dakika. Jambo la pili ni kupanga. Chora mstari wenye vyumba 16, ambao ndio kipimo kimoja cha mapigo manne, kila pigo vyumba vinne. Weka alama ya msalaba kila mahali ngoma ya chini inapolia. Mstari wa pili uwe wa kayamba au chochote kichezacho juu, mstari wa tatu uwe wa besi. Kazi hii yachosha, sikatai. Kipimo kimoja chaweza kukumaliza nusu saa.

Ugumu ni kwamba sauti zote huja pamoja kama maji ya mto. Utazitenganishaje? Hapa fizikia ya darasani hutusaidia. Kila mtu aliyewahi kulala jirani na ukumbi wa harusi anajua kwamba akiwa kitandani haupati wimbo, bali mdundo tu, dum, dum. Sababu ni kwamba ukuta huzuia sauti za juu kuliko za chini. Basi weka mashine ndani ya bwalo, funga milango, nenda ukasimame nyuma ya ukuta na daftari lako. Mwimbaji amekwenda, gitaa limekwenda. Imebaki besi na ngoma ya chini, nawe waweza kuandika bila kupotezwa. Kisha fanya kinyume chake. Sikiliza wimbo ule ule kwa redio ndogo ya mkononi. Spika yenye upana wa kiganja haina nguvu ya kusukuma hewa ya kutosha kwa sauti za chini, kwa hiyo utasikia sauti ya mwimbaji, nyuzi na kayamba. Kwa kutumia ukuta na redio tumepata karibu nusu ya yote tuliyoandika.

Iko na njia ya kompyuta. Katika nyimbo nyingi za siku hizi mwimbaji amewekwa katikati, yaani sauti yake ni ile ile katika spika ya kushoto na ya kulia. Ukigeuza mawimbi ya upande mmoja juu chini, kisha ukazichanganya pande mbili, kilicho sawa hujifuta chenyewe, na vilivyowekwa pembeni hubaki. Tulipoijaribu njia hiyo kwa wimbo mmoja wa zamani uliorekodiwa kwa njia moja tu, mashine ilinyamaza kabisa, kwa kuwa pande zote mbili zilikuwa kitu kimoja.

Mwalimu mmoja alituletea mzee aliyepiga gitaa la besi zamani, tukamwonyesha madaftari yetu. Tulimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitika, akavaa miwani, akafuata misalaba yetu kwa kidole huku wimbo ukipigwa. Kisha akasema, "Wanangu, mmeandika panapolia tu. Andikeni na panaponyamaza, maana pale ndipo mchezaji anaponyanyua mguu." Tangu siku hiyo tunaweka duara katika chumba kisicho na sauti, na kweli nyimbo zimeanza kuonyesha sura nyingine. Katika muziki wa dansi wa zamani tumeona kwamba beti huimbwa kwa utulivu, kisha huja sehemu ya vyombo waliyoiita chemko, na mara nyingi mlango wa kuingilia chemko ni unyamavu mfupi.

Nakuja kwenye singeli, ambayo baadhi ya walimu wetu hawaipendi. Ilizaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese, Tandale na Mburahati. Watengenezaji wake walichukua vipande vya vyombo katika taarabu, wakavizungusha, wakaviharakisha, mpaka mwendo ukapita mapigo 200 kwa dakika. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo uitwao Sounds of Sisso, kutoka studio ya Mburahati, na watu wa Ulaya wakaanza kuusikiliza. Sisemi kila wimbo wa singeli ni mzuri. Nasema ni darasa zuri la hesabu, na nitaeleza kwa nini.

Tuseme una kipande chenye mwendo wa 100. Ukikizungusha haraka mara mbili, kama mtu anayeharakisha santuri, mwendo utakuwa 200, lakini na kila sauti itatetemeka mara mbili zaidi. Sauti iliyokuwa na mitetemo 220 kwa sekunde itakuwa na 440, yaani do ya chini imekuwa do ya juu, na mwanamke mzima anaimba kama mtoto. Ukikiharakisha mara moja na nusu tu, mwendo utakuwa 150, na do itakuwa so. Wanakwaya wataelewa hapo upesi. Siku hizi programu zaweza kuongeza mwendo bila kupandisha sauti, kwa kukata mawimbi vipande vidogo mno na kuvipanga upya. Lakini mara nyingi huacha mkwaruzo mdogo, hasa kwenye milio ya ngoma. Kwa hiyo ukisikia kinanda chembamba kupita kawaida, na ngoma fupi kavu, wajua kiliharakishwa kwa njia ya kwanza. Ukisikia mwendo mkali lakini sauti ni za kawaida, mkwaruzo upo, wajua ni njia ya pili. Hivyo ndivyo kuchambua: kutazama kiti na kutambua kilichongwa kwa shoka au kwa msumeno.

Turudi kwenye sharti la mahafali. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, yamlinda mtunzi na pia yule aliyerekodi, na ofisi ya COSOTA ndiyo iisimamiayo. Kwa jinsi tulivyoielewa, mwendo wa 120 hauna mwenyewe. Kunyamazisha besi kabla ya mwimbaji kurudi hakuna mwenyewe. Lakini tuni ya mtu, maneno yake, na kipande cha sauti kilichokatwa katika rekodi yake, hata kiwe cha sekunde moja, si vyetu. Mwenzangu mmoja alibisha kwamba watu wa mitaani hukata tu na hakuna awaulizaye. Nilimjibu kwamba sisi tutapiga mbele ya wazazi na mgeni rasmi, na jina litakalotajwa ni la shule.

Kwa hiyo madaftari yetu yametupa mpango, na sauti tumezitafuta wenyewe. Tumenasa mchi ukitwanga kinuni kule Bigwa, mawe mawili yakigongana katika Mto Morogoro, mvua juu ya bati la bwalo, na kengele ya shule, ambayo ni rimu ya gari iliyotundikwa mwembeni. Mchi umekuwa ngoma ya chini, mawe yamekaa mahali pa kayamba. Besi inapigwa na mwenzetu kwa gitaa la kuazima.

Mpaka naandika haya, shauri lililobaki ni la mwendo. Wawili wanataka 200 ili wageni wacheze. Mimi nimeipima kengele katika Audacity: kutoka inapogongwa hadi inapokufa ni karibu sekunde 2. Katika mwendo wa 200 kipimo cha mapigo manne kinakwisha kwa sekunde 1.2, na kengele ya pili itaikanyaga ya kwanza. Katika 120 kipimo ni sekunde 2 kamili. Tutapiga kura Jumamosi ijayo.