Kuchagua Amplifaya ya Bei Nafuu kwa Hedifoni za Ukinzani Mdogo

Miongoni mwa malalamiko yanayotufikia kuhusu vifaa vya sauti, lipo moja tuliloona linafaa kuwa somo la sehemu hii ya kijitabu. Mlaji mmoja, ambaye kazi yake ni kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na kuyaweka katika maandishi, aliona kuwa sauti inayomfikia masikioni ni hafifu. Muuzaji alimweleza kwamba hedifoni yake “inahitaji nguvu”, akamuuzia amplifaya ya shilingi 180,000. Alipoiwasha nyumbani alisikia mvumo usiokoma, kama mvua inayonyesha mbali. Kitufe cha sauti kikizungushwa kidogo tu, sauti ilikuwa kubwa kupita kiasi. Na katika nafasi ile finyu aliyoweza kuitumia, sikio la kushoto lilipata sauti zaidi kuliko la kulia. Aliporudi dukani alioneshwa kibao kisemacho kuwa mali ikishauzwa hairudishwi.

Tuliikagua amplifaya ile na kuikuta nzima. Ilikuwa imeundwa kwa ajili ya hedifoni za aina nyingine, na boksi lake lilisema hivyo: omu 100 hadi 600. Hedifoni ya mlalamikaji ilikuwa ya omu 32.

Omu ni kipimo cha ukinzani, yaani kiasi ambacho hedifoni inaupinga umeme wa sauti unapopita ndani yake. Kwenye boksi hutambulika kwa alama Ω, mara nyingi kando ya neno la Kiingereza “impedance”. Hedifoni nyingi zinazokusudiwa kutumika na simu zina omu 16 hadi 32, ilhali za studio zinaweza kufikia omu 250, 300 au hata 600. Jina la modeli peke yake halitoshi. Hedifoni ya Beyerdynamic DT 770 Pro, kwa mfano, imeuzwa katika matoleo ya omu 32, omu 80 na omu 250, na mnunuzi asiyesoma boksi anaweza kulichukua moja akidhani ni jingine.

Tofauti hiyo ina maana gani kwa amplifaya? Tuchukue hedifoni mbili, ya omu 32 na ya omu 300, ambazo kila moja hutoa desibeli 100 inapopewa umeme wa miliwati 1. Ili zifikie desibeli 110, ambacho ni kilele cha kishindo cha muziki na wala si kiwango cha kusikilizia, kila moja inahitaji miliwati 10. Ile ya omu 300 itadai volti 1.73 na mkondo wa takriban miliampea 6. Ile ya omu 32 itatosheka na volti 0.57, lakini itadai mkondo wa takriban miliampea 18. Kwa hiyo hedifoni ya ukinzani mdogo haihitaji amplifaya yenye volti nyingi. Inahitaji ile inayoweza kutoa mkondo bila kulemewa, na kwa hedifoni nyingi za kawaida mkondo huo ni mdogo kiasi kwamba simu au kompyuta inaumudu.

Hata hivyo, omu chache si hakikisho la wepesi. Tazama pia namba inayoambatana na neno “sensitivity”, yaani desibeli ambazo hedifoni hutoa kwa miliwati 1. Hedifoni ya HiFiMAN HE400se ina omu 25 tu, lakini mtengenezaji wake ameiandikia desibeli 91. Kwa kuwa kila desibeli 10 za ziada hudai nguvu mara kumi, hedifoni hiyo itahitaji takriban miliwati 80 kufika desibeli 110, sawa na volti 1.4 na miliampea 56. Hapo adapta ndogo nyingi huanza kuelemewa, na amplifaya ina kazi halali ya kufanya. Kwa makadirio yetu, mwenye hedifoni ya omu 16 hadi 32 iliyoandikwa desibeli 100 au zaidi aanze kwa kudhani kwamba haihitaji, mpaka athibitishe vinginevyo.

Ukishaamua kununua, namba ya kwanza ya kuuliza ni ile ambayo wauzaji wengi hawaitaji: ukinzani wa amplifaya yenyewe kwenye tundu la kuchomekea hedifoni, unaoandikwa “output impedance”. Kanuni inayotumiwa na mafundi ni kwamba usizidi moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni. Kwa omu 32 kikomo ni omu 4. Kwa omu 16 ni omu 2. Sababu yake si ushabiki wa wapenda muziki. Ukinzani wa hedifoni nyingi haubaki ule ule kwa sauti zote. Unaweza kuwa omu 32 kwenye sauti ya mtu anayezungumza na kupanda hadi omu 64 kwenye besi. Amplifaya yenye omu 32 kwenye tundu lake itaiongezea besi hiyo takriban desibeli 2.5 juu ya sauti nyingine, na maneno yatasikika kama yanatoka ndani ya pipa. Yenye omu 1 itabadilisha kwa takriban desibeli 0.1, tofauti ambayo sikio haliigundui. Redio kubwa za zamani, ambazo baadhi yetu tumezirithi kwa wazazi, mara nyingi zina kikinza cha omu mia kadhaa kabla ya tundu la hedifoni. Zinaweza kupendeza kwa hedifoni ya omu 300, lakini kwa ya omu 16 ni chaguo baya hata zikitolewa bure.

Jambo la pili ni mvumo. Amplifaya hukuza kila kinachoingia, na huongeza mvumo wake yenyewe. Hedifoni nyepesi kuitikia umeme, hasa zile ndogo za kuingiza ndani ya sikio, huufichua mvumo ambao hedifoni nzito ingeuficha. Tafuta amplifaya yenye swichi ya kuchagua ukuzaji mdogo au mkubwa, na uitumie ikiwa kwenye mdogo. Ukuzaji ukiwa mkubwa mno, utalazimika kubaki mwanzoni kabisa mwa mzunguko wa kitufe cha sauti, mahali ambapo vitufe vya bei nafuu hushindwa kugawa sauti sawasawa kwa masikio mawili. Ndilo lililompata mlalamikaji wetu.

Kuhusu nguvu zinazotangazwa, wasomaji wetu wamekwisha kuona redio ndogo zilizobandikwa maelfu ya wati za “PMPO”. Amplifaya za hedifoni nazo zimeanza kuugua ugonjwa huo. Namba ya miliwati haina maana pasipo kutajwa imepimwa kwa omu ngapi. Kama kasha linataja omu 16, usiilinganishe na la jirani yake lililopimwa kwa omu 32. Njia rahisi ya kuwabana watiao chumvi ni kutazama umeme unaoingia. Mlango wa USB 2.0 hutoa volti 5 na hadi ampea 0.5, yaani wati 2.5. Kifaa kinachopata umeme kutoka hapo pekee hakiwezi kutoa wati 5 mfululizo, hata boksi liseme nini.

Kwa mwenye simu isiyo na tundu la hedifoni, adapta ya USB-C mara nyingi ndiyo amplifaya ya bei nafuu kuliko zote, kwa kuwa ndani yake kuna kisaketi kidogo cha kugeuza sauti ya kidijitali na kuikuza. Lakini zipo pia adapta zenye nyaya tupu ndani, zinazotegemea simu yenyewe itoe sauti iliyokwisha kugeuzwa, na simu nyingi haziitoi. Kwa nje huwezi kuzitofautisha. Nenda dukani na simu yako na hedifoni yako, uzijaribu hapo hapo kabla ya kulipa.

Jaribio lenyewe halizidi dakika tano. Chomeka hedifoni bila kucheza chochote, kisha usikilize kama kuna mvumo. Cheza rekodi ya mtu anayezungumza kwa kiwango chako cha kawaida, uone kama masikio yote mawili yanapata sawa. Kisha cheza rekodi nyingine kutoka chanzo kingine. Hatua hii ya mwisho ndiyo hurukwa, nayo ndiyo ingemwokolea mlalamikaji wetu fedha zake: muziki ulisikika vizuri kabisa kwenye kompyuta yake bila amplifaya yoyote. Udhaifu ulikuwa ndani ya mahojiano, yaliyorekodiwa kwa sauti ya chini.

Lipo pia suala la afya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu, uliotolewa mwaka 2019, unaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu: desibeli 83 kwa saa 20, desibeli 86 kwa saa 10. Hedifoni inayotoa desibeli 100 kwa miliwati 1 hufika desibeli 80 kwa sehemu moja tu ya mia ya miliwati. Amplifaya ya miliwati 500 inaweza kuisukuma hadi kukaribia desibeli 127, iwapo haitaungua kwanza. Basi teremsha sauti kabla ya kuchomeka, na usiwaachie watoto kifaa cha namna hiyo.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Kwa hiyo mwambie muuzaji modeli ya hedifoni yako na omu zake, na umwombe aandike kwenye risiti kwamba amplifaya inaifaa. Risiti ya EFD yenye maneno hayo ina uzito ambao mazungumzo ya kaunta hayana. Tunza na boksi.

Mlalamikaji wetu hakuwa na maandishi ya aina hiyo, ila boksi alikuwa nalo. Muuzaji alipolisoma mbele yetu, alikubali kurejesha fedha. Mahojiano aliyapandisha sauti kwa programu ya bure ya kuhariri sauti. Mvumo wa chumba yaliporekodiwa ulipanda nao kidogo, lakini maneno yanasikika, na hedifoni ameichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta.