SOMO LA MEKANIKE: MOTERI YENYE KOMPRESERI INAPOKOSA MOTO



Leo tujifunze namna ya kutafuta ugonjwa wa moteri inayokosa moto. Silinda moja haiwaki vizuri, moteri inatetemeka, nguvu inapunguka, na ugonjwa unarudi hata kiisha kubadilisha vipande. Mfano wetu ni motokari moja ya Uingereza, Mini Cooper S ya miaka ya 2002 mpaka 2006, iliyotengenezwa Oxford. Moteri yake ilitoka Brazil: silinda nne, santimetre kibiki 1.598, na kompreseri ya Eaton. Sasa hizi motokari ni za zamani, na ugonjwa huu unazijua sana.

1. Kompreseri ni kitu gani?

Ni pampu ya hewa inayozungushwa na moteri yenyewe kwa mkanda. Ndani yake mna vyuma viwili vinavyozunguka pamoja na kusukuma hewa. Ndugu wawili wa Marekani, Philander na Francis Roots, walipata hati ya mashini ya namna hii katika mwaka 1860, mbele motokari hazijakuwako. Hewa ikiingia mingi, esanse nyingi inaweza kuwaka, na moteri ndogo inapata nguvu ya moteri kubwa. Hewa inayosukumwa inapata moto, kwa hiyo inapita kwanza katika kipoza-hewa kilichowekwa juu ya moteri, chini ya kapo.

2. Usimshitaki kompreseri upesi

Watu wengi wakisikia moteri inakosa, wanasema pale pale: «Ni kompreseri njo imekufa.» Wanakamata franga nyingi kununua ingine, na ugonjwa unabaki. Juu ya nini? Fikiri kidogo. Kompreseri moja inapeleka hewa kwa silinda zote nne. Kama mkanda wake unateleza ao yenyewe imechoka, moteri yote inakuwa zaifu, hapana silinda moja tu. Kama silinda ya tatu peke yake inakosa, tafuta sababu katika njia ya silinda ya tatu.

Lakini kompreseri inafanya jambo lingine: inafunua uzaifu uliojificha. Cheche ya bugi inaruka kwa urahisi katika hewa nyepesi. Hewa ikikandamizwa, cheche inahitaji umeme wa nguvu zaidi ili iruke. Moteri ikizunguka polepole bila mzigo, hewa ndani ni kidogo, na hata bugi iliyochoka inawasha. Ukipanda mlima na kukanyaga esanse, hewa inajaa, na umeme unatafuta njia iliyo rahisi: unapita katika ufa wa bugi, ao unatoka katika waya wa zamani na kukimbilia chuma. Ndani ya silinda hakuna moto. Kompreseri ni sawa na mutihani: hautii ujinga kichwani mwa mwanafunzi, unauonyesha tu.

3. Ulizo la kwanza: inakosa wakati gani?

Mbele ya kushika ufunguo, umusikilize mwenye motokari. Kitabu cha Mezali kinamuonya mutu anayejibu mbele ya kusikia. Neno hilo ni la fundi pia.

– Inakosa wakati wa mzigo tu: shuku kwanza umeme (bugi, waya, bobini), kisha esanse isiyotosha (filta ao pampu).
– Inakosa ikisimama na kuzunguka polepole, na inapona ukikanyaga: pengine kuna upenyo unaoingiza hewa karibu na silinda moja, ao supapu haizibi.
– Inakosa wakati wote: shuku bugi iliyokufa, injekteri iliyoziba, ao silinda isiyokandamiza.
– Inakosa wakati wa mvua ao ukungu: tazama waya na bobini.

4. Ulizo la pili: silinda gani?

Motokari hii iko na ordinatere ndogo inayopima mwendo wa moteri. Silinda ikikosa, mwendo unalegea kidogo, na ordinatere inaandika namba. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, P0303 ya tatu, P0304 ya ine. P0300 maana yake kukosa kunahamahama. Lakini fahamu: namba inasema wapi, haisemi juu ya nini. Fundi anayesoma P0303 na kununua bugi bila kupima hajafanya kazi bado.

Tena, bobini ya Mini hii inawasha silinda mbili-mbili: ya 1 pamoja na ya 4, ya 2 pamoja na ya 3. Kama zote mbili za kundi moja zinakosa, bobini inashukiwa sana. Kama ni moja tu, anza na bugi na waya wake, na uangalie kama mahali waya unapoingia katika bobini hapana kutu.

5. Jaribio la kuhamisha

Hii njo siri ya kazi. Tuseme namba ni P0303. Zima moteri, iache ipoe. Toa bugi ya 3 na ya 1, uzitazame: iliyolowa esanse haikuwaka, yenye mstari mweusi kama unywele juu ya kauri ilipoteza umeme. Sasa badilishana: ya 3 iende kwa 1, ya 1 iende kwa 3. Futa namba, jaribu tena. Ikiandikwa P0301, ugonjwa ulifuata bugi, umemupata mwizi. Ikibaki P0303, bugi haina kosa. Tazama waya: usiku, mahali pa giza, waya uliopasuka unaweza kuonyesha cheche za buluu. Kiisha hamisha injekteri vilevile.

Sheria ni moja: badilisha kitu kimoja kwa mara moja. Ukibadilisha vitu vitatu pamoja na moteri ikapona, hujui ni kipi kilichoponya, na mwenye motokari amelipa mara tatu.

6. Kama ugonjwa hauhami

Pima mukandamizo. Toa bugi zote, funga esanse na umeme wa bobini, kanyaga esanse mpaka chini, zungusha moteri kwa batri yenye nguvu. Andika hesabu za silinda zote. Ile ya chini isipofika robo tatu ya ile ya juu, kuna shida. Tia kijiko cha mafuta ya moteri katika silinda zaifu, upime tena. Hesabu ikipanda, pete za pistoni zimechoka. Isipopanda, ni supapu ao kizibo cha kichwa cha moteri. Silinda mbili jirani zikiwa zaifu pamoja, kizibo kimepasuka pengine katikati yao.

7. Hatari

Usiendeshe motokari kwa nguvu ili «kusikia vizuri.» Esanse isiyowaka inakwenda kuwaka katika katalizeri na kuiyeyusha, taa ya moteri ikiwaka na kuzima-zima, punguza mwendo mara moja. Esanse ikiwa kidogo mahali hewa ni nyingi, joto linaweza kutoboa pistoni. Na usishike waya wa bugi kwa mkono moteri ikizunguka: umeme wake ni wa maelfu mengi ya volti.

8. Kwa sisi

Wengi wetu hatutafungua kapo ya Mini. Lakini grupu ya umeme, pampu ya maji na pikipiki zinakosa moto kwa sababu zile zile tatu: cheche, esanse, hewa. Uliza wakati gani, uliza wapi, jaribu kimoja kimoja. Fundi anayekisia anakula franga ya mwenzake; fundi anayepima anamuheshimu.

MAULIZO

1. Juu ya nini bugi iliyochoka inawasha vizuri moteri ikisimama, na inakosa kwenye mlima?
2. Silinda ya 2 na ya 3 zinakosa pamoja. Taja sababu mbili, na useme utazitenganisha namna gani.
3. Rafiki yako anataka kununua kompreseri mupya sababu ya P0304. Utamujibu nini?