Nani ameondoa -ka? Akili bandia na mazungumzo ya tamthilia

Swali la kama zana za akili bandia zitamfaa mwandishi wa kazi za ubunifu huulizwa kwa jumla mno. Hapa nalijaribu kwa kiambishi kimoja tu.

Tuchukue tamthilia inayotendeka Lubumbashi. Mke anamwambia mama mkwe wake: «Bwana yangu anakunywaka.» Angesema «anakunywa», tungeelewa kwamba mume ana chupa mkononi sasa hivi. Kwa -ka, ni mazoea yake, na ugomvi wote wa onyesho umo humo. (Tusiichanganye na -ka- ya masimulizi, ile ya «akaenda», inayokaa kabla ya mzizi.) Wanaoiita -ka hii uharibifu wa lugha wanasahau kwamba Kilingala kinayo pia, na kwamba wanaisimu wa Kibantu huihusisha na kiambishi cha kale *-ag-.

Sasa mwandishi aiombe zana imsahihishie sentensi hiyo. Ikitoa «Mume wangu anakunywa», mazoea yamefutika. Ikitoa «Mume wangu hunywa pombe», sarufi imeokoka, lakini mke amegeuka mtangazaji wa redio jikoni mwake. Kwangu mimi hasara hii ya pili ni mbaya zaidi, kwa sababu mwalimu hataiwekea alama nyekundu.

Sababu yake si fumbo. Modeli hujifunza kutoka kwenye maandishi, kisha huchagua kipande kinachoelekea zaidi kufuata kile kilichotangulia. Kiswahili kilichoandikwa kwenye intaneti kwa sehemu kubwa ni cha Tanzania na Kenya, nacho kilisanifishwa kwa msingi wa Kiunguja na kamati iliyoundwa 1930. Kiswahili chetu husemwa sana na kuandikwa kidogo; «Vocabulaire de la ville d'Elisabethville» ya André Yav, ya 1965, ni mojawapo ya matini chache ndefu. Kwa hiyo lililo la kawaida Katuba, kwa modeli ni kosa.

Zana inafaa pale isipogusa kinywa cha mhusika. Inaweza kuonyesha kwamba mhusika anajua katika onyesho la tatu jambo atakaloambiwa katika la tano. Inaweza kupendekeza miisho kumi ili mwandishi aikatae yote. Mshairi anaweza kuiomba maneno ya kina fulani, ila mizani ahesabu mwenyewe: vipande ambavyo modeli hukatia maneno havilingani na silabi.

Zoezi kwa darasa la uandishi: chukueni ukurasa mmoja wa mazungumzo mliyoandika kama yanavyosemwa nyumbani, mwombe zana iusahihishe, kisha wekeni kurasa mbili kando kwa kando. Pigieni mstari kila -ka, kila «njo» na kila ba- iliyogeuzwa wa-. Mbele ya kila mstari andikeni ni nini mhusika hawezi tena kusema.