Goti Jipya: Mkandaji Aingie Lini?

Somo la leo ni la nyumba zilizo na mgonjwa aliyewekewa goti la bandia. Zamani jambo hili tulilisikia tu kama habari ya watu wenye pesa mjini. Siku hizi upasuaji huu unafanywa hata katika hospitali za misheni kama ile ya Kikuyu, na tukizunguka vijijini tunawakuta akina mama na wazee waliofanyiwa. Mgonjwa anarudi nyumbani na magongo, dawa na karatasi ya mazoezi. Baada ya siku chache jirani mwema anamleta mkandaji na chupa yake ya mafuta. Hapo ndipo tunataka tusimame kidogo.

Hatusemi kukanda ni kubaya, la hasha. Wataalamu wa fiziotherapi nao hutumia mikono. Shida ni lini, wapi, na kwa nguvu gani.

Kwanza tuelewe kilichofanyika. Daktari hupasua mbele ya goti, akakata sehemu iliyolika ya mfupa wa paja na ya mfupa wa muundi, kisha akaivika mifupa hiyo chuma. Katikati huweka plastiki ngumu ili chuma kisisage chuma. Sasa, chuma hakihitaji kukandwa. Kinachopona ni ngozi, misuli na kano zilizo kando yake. Ukichinja kuku utaona ngozi yake inateleza juu ya nyama. Hata ya goti ni hivyo. Lakini kovu linapopona linaweza kushikamana na nyama ya chini, goti likawa linavuta kila likikunjwa. Kazi ya kukanda kovu ni kuiachilia hiyo ngozi iteleze tena.

Lakini si wiki ya kwanza! Nyuzi hutolewa kwa kawaida baada ya siku 10 hadi 14, na hata hapo kidonda hakijakomaa. Ngojeni kifunge kabisa, vigaga vyote vianguke vyenyewe, na yule aliyempasua mgonjwa au mtaalamu wa mazoezi aseme ndiyo. Wengi huruhusiwa kati ya wiki ya 3 na ya 6. Mkono mchafu kwenye kidonda kibichi unaweza kuingiza viini mpaka kwenye chuma, na viini vikifika huko dawa ya kumeza peke yake mara nyingi haitoshi. Mgonjwa atarudi kupasuliwa.

Jambo la pili ni zito zaidi, na tungeomba lisomwe kwa sauti nyumbani. Baada ya upasuaji wa goti, damu inaweza kuganda ndani ya mishipa ya mguu, hasa kwenye shavu la mguu. Shavu likivimba upande mmoja, likawa na joto na kuuma, watu husema "mshipa umejikunja, leteni mkandaji." Msimlete. Bonge la damu likisukumwa linaweza kupanda mpaka kwenye mapafu na kumwua mtu siku hiyo hiyo. Huyo ni mgonjwa wa kupelekwa hospitali saa hiyo, hata kama ni usiku, na zaidi sana akiwa anahema kwa shida au kifua kinamchoma. Zile sindano au tembe za kuzuia damu kuganda azimalize kama alivyoandikiwa, asiziache eti kwa sababu anajisikia vizuri.

Halafu kuna maji moto. Ngozi ya upande wa nje wa kovu mara nyingi hufa ganzi, kwa maana mishipa midogo ya fahamu hukatwa wakati wa kupasua. Mgonjwa hasikii kwamba kitambaa kinamwunguza. Kwa uvimbe wa siku za mwanzo inafaa barafu iliyofungwa kwa kitambaa, dakika 15 au 20, kisha itolewe.

Wakati ukifika, kukanda kovu si kazi ya mabavu. Nawa mikono, paka mafuta kidogo yasiyo na manukato. Weka vidole viwili juu ya kovu na uzungushe polepole, ngozi yenyewe isogee, si vidole kuteleza juu yake. Kisha sogeza juu na chini, kushoto na kulia. Dakika 5 zinatosha, mara mbili au tatu kwa siku, na mgonjwa anaweza kujifanyia mwenyewe. Kwa uvimbe, mguu uinuliwe na mkono upite kwa wepesi kuelekea pajani, kamwe si kuelekea chini. Mtaalamu anaweza pia kumfundisha kusogeza pia ya goti, kile kimfupa cha mbele.

Tuseme ukweli: kukanda ni msaidizi tu. Kunapunguza maumivu na kukaza kwa wengi, lakini kinacholirudisha goti ni mazoezi. Bila kukunja kufika kama digrii 90, kuinuka kitini ni taabu. Na kunyoosha tusikusahau. Tumeona nyumba nyingi mto umewekwa chini ya goti ili mama apumzike vizuri. Goti linazoea kukaa limepinda, na baadaye anachechemea. Mto uwekwe chini ya kisigino. Kisha abonyeze goti kitandani, ahesabu mpaka 5, aachilie, mara 10.

Goti likikataa kabisa kukunjika, watoto wasilivute kwa nguvu. Arudishwe kliniki mapema. Kuna wakati daktari humlaza mgonjwa kwa dawa ya usingizi na kulikunja mwenyewe, na kazi hiyo hufaa zaidi ikifanywa kabla ya miezi mitatu kupita.

Uvimbe na joto kidogo vinaweza kukaa miezi kadhaa, msiogope. Lakini usaha, homa, au wekundu unaoenea, hapo ni hospitali.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

Katika kijiji chetu ni nani hukanda watu, na tunaweza kumwalikaje asikie somo hili bila kumdharau?

Mgonjwa wa goti atatumiaje choo cha shimo na kigoda cha jikoni? Ni fundi gani hapa anaweza kutengeneza kiti cha choo kilichoinuka?

Nani ana gari au pikipiki ya kumfikisha mtu hospitali usiku, na namba yake ya simu imeandikwa wapi?