Zebaki, Mimea na Mteremko wa Upare

Mchimbaji mdogo wa dhahabu huchanganya zebaki na mchanga uliosagwa, kisha hukichoma kitonge kinachopatikana ili dhahabu ibaki peke yake. Mvuke huingia mapafuni mwa walio karibu. Zebaki iliyosalia huangukia udongo na vijito. Wilayani Same, watafuta dhahabu wamewahi kupenya hadi msitu wa Chome, kwenye Shengena, ambako hutoka maji yanayojaza ndiva: mabwawa ya asili ambayo Wapare huyaacha yajae usiku na kuyafungulia mashambani mchana. Popote zebaki itumiwapo juu ya mlima, tope lake lina njia ya kuyafikia mahindi, maharage na tangawizi ya walio chini.

Mimea huweza kusaidia kwa namna mbili. Ya kwanza ni kufyonza: mizizi huvuta metali nzito hadi majanini, kisha mmea huvunwa na kuondolewa. Aina moja ya kangaga, Pteris vittata, ilitangazwa mwaka 2001 kuwa hulimbikiza aseniki kwa wingi wa kushangaza. Zebaki, hata hivyo, ni kaidi. Hushikamana na udongo, nayo mizizi huichukua kidogo mno. Alizeti, pamoja na sifa zake zote, haitoshi hapa.

Namna ya pili haina sifa kubwa, lakini ndiyo iufaayo mlima: kuushikilia udongo. Nyasi ya vetiva, ambayo mizizi yake huweza kushuka hata mita 3, ikipandwa kwa mistari inayokingama mteremko, huzuia tope lisisombwe na mvua kuelekea ndiva. Sumu haitoweki, ila haisafiri.

Mmea uliopandwa kufyonza sumu si chakula, si malisho, wala si kuni. Mbuzi hawajui hilo, kwa hiyo uzio ni sehemu ya tiba. Mchicha nao usipandwe palipooshewa dhahabu, kwani hufyonza risasi na kadimi. Kuuosha huondoa vumbi, si kilichomo ndani ya jani.

Mjamzito akae mbali kabisa na uchomaji, maana zebaki huvuka kondo la nyuma na kuudhuru ubongo wa mtoto. Naye mgonjwa anayetetemeka mikono, anayesahau na kukosa usingizi, aulizwe kwanza anafanya kazi gani, na kama nyumbani kwake dhahabu huchomwa jikoni.